Gadi wa Kushoto

Usiniulize nani alifunga.
Misimu minne ya sekondari, minne ya chuo,
nilikaa kwenye benchi la chuma, Waterloo, Iowa,
blanketi magotini, upepo wa mashamba ya mahindi masikioni,
na mpira sikuuona.
Macho ya watu yaliufuata kama kuku wamfuatavyo mwenye mtama.
Yangu yalibaki pale ulipotoka,
kwenye tope, kwenye nambari sitini na saba,
kwa Ombeni, kitinda mimba wa mama yetu.

Kocha Haverkamp alimwona kwenye foleni ya chakula,
miaka kumi na minne, sinia mbili mikononi,
akamzunguka kama mtu anayenunua fahali.
Hakumuuliza kama anaupenda mchezo.
Alimuuliza anavaa kiatu saizi gani.

Mama alitaka kujua kazi yenyewe ni ipi.
Anakimbia? Hatua tatu.
Anadaka? Haruhusiwi.
Anapiga teke?
Hapana, mama. Anamzuia mtu.
Mtu gani?
Yeyote anayekuja.
Mama akageuza ugali. Kazi hiyo, akasema,
nimeifanya tangu Uvira, wala sikuvalishwa kofia.

Wao wanasema gadi. Nilicheka peke yangu:
sisi tunalo neno hilo toka zamani,
mti unaoegemeza chombo nchi kavu kisilale ubavu.
Chombo husifiwa mwendo.
Gadi hujulikana siku ya kuvunjika.

Miaka minane, kipaza sauti kilimtaja mara tano.
Zote tano kwa kosa: kushika, yadi kumi nyuma.
Na jina wakalivuruga, Bahizire likawa Bahizaya,
na mama, asiyejua kanuni,
alisimama akapiga vigelegele.

Ratili mia mbili na kumi alipoanza.
Chuo cha Dubuque kilimtaka mwenye mia mbili themanini:
barua yenye nembo, nusu ya karo, na karatasi ya kula.
Mayai manane alfajiri. Wali saa saba za usiku,
simu ikimwamsha atafune.
Nilitoka zamu kiwandani, mikono ikinuka nguruwe,
nikamkuta jikoni machozi yanamtoka juu ya sahani,
si huzuni, tumbo tu limegoma.
Nikaketi, nikamsaidia vijiko vinne.
Kocha hakuambiwa.

Mwaka wa kwanza chuoni alivaa jezi safi akairudisha safi.
Wa pili, kidole kikavunjika, kikafungwa kwa jirani yake, akaendelea.
Wa tatu, goti la kulia lilitoa sauti.
Niliisikia kutoka safu ya kumi na moja,
au nadhani niliisikia.

Wa nne akarudi na chuma gotini,
na Jumamosi moja ya Oktoba akamsukuma mtu mzima
kama anayesogeza kabati ili afagie,
akaacha uwazi wa upana wa mlango.
Kordell Jessup akapita humo, yadi sitini na moja.
Picha ilitoka gazetini: Jessup angani, mikono kama mabawa.
Pembeni, chini, kiwiko.
Nakijua kiwiko kile. Nimekiogesha.

Mechi ya mwisho walifungwa, theluji ikianza.
Alitoka vyumbani nyuma ya wenzake wote,
bado ameinama kidogo,
kama mlango nao ungemrukia.

Sasa anasoma mita za maji za manispaa.
Ratili zinamtoka moja moja, suruali zinamning'inia,
na mama anapika sufuria ile ile,
anafunika kinachobaki, ananuna.

Jumamosi tunawasha televisheni, mimi naye.
Mpira unaruka, uwanja mzima unapiga ukelele,
sisi bado tunatazama chini kushoto.
Umeuona mguu ule? ananiuliza.
Nimeuona, namwambia. Umechelewa.